Amelipa deni, skoo ikashuka pointi 19: kisa cha shemeji yangu

Shemeji yangu, huyu aliyemuoa dada yangu, ana mwaka wa 7 sasa Marekani, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, shifti za usiku, na kwenye mambo ya hela ni mtu taratibu sana, hata soda anaifikiria mara mbili. Kwa hiyo mwaka jana tarehe 1 mwezi wa 4, saa 8 usiku, simu ililia nikakuta kaandika "Shem uko macho? Hawa watu wamenikata pointi 19 kwa kosa la kulipa deni", nikasema leo siku ya wajinga, nikageukia upande wa pili nilale. Ikaingia skrinshoti. Skoo yake ya mikopo, ile namba ambayo wakopeshaji wa Marekani wanakupimia, 668 imekuwa 649, na kamshale kekundu kameelekea chini.

Haikuwa utani. Na nimemuomba ruhusa nikiandike kisa chote mwanzo mwisho, kwa sababu ndani ya mwaka ule skoo yake ilishuka mara 3, kila mara kwa sababu tofauti kabisa, na hakuna hata mara moja ambayo alichelewesha rejesho. Mimi niliwahi kukaa dawati la mikopo ya magari hukuhuku Marekani miaka kadhaa, hasira hii naijua, mtu anakuja na makaratasi yake anasema nimelipa, nimelipa, mbona naadhibiwa.

Hali yake mwezi wa 2 ilikuwa hivi. Kadi ya mkopo ya kwanza, tuiite A, limiti (mwisho wa kukopa) dola 5,000, anadaiwa 4,100, riba 27% kwa mwaka. Kadi B limiti 3,000, anadaiwa 1,950, riba 24%. Kadi C ndiyo ya zamani kuliko zote, limiti 2,000, iko droo, haina kitu. Na mkopo wa gari, alikopa 18,000 zamani, zimebaki 1,460, rejesho 305 kwa mwezi, riba 6%. Ukijumlisha kadi peke yake bila gari, anadaiwa 6,050 kwenye limiti ya 10,000, yaani ametumia 60.5%. Hiyo namba ishike, tutairudia sana.

Mwezi wa 3 tarehe 9 ikaingia hela ya kodi, ile wanayokurudishia serikali ukishajaza fomu. Kesho yake akafanya mambo mawili kwa mpigo. Akamaliza gari yote, 1,460. Akapiga 2,000 kwenye kadi A. Akalala usingizi mzuri, wiki tatu akawa anafungua apu kila asubuhi anasubiri skoo ipae, na ikabaki palepale, mpaka usiku ule wa tarehe 1.

Kitu cha kwanza nilichomwambia ni asiguse chochote. Usipige simu, usifunge kadi, usikope, tulia. Kwa sababu kabla ya kusema ni jambo dogo lazima utoe yale makubwa kwanza. Kuna rejesho limepitiliza siku 30? Maana ukichelewa siku 5 unapigwa faini na mkopeshaji lakini haliendi kwenye ripoti yako ya mikopo, ambayo ndiyo inatoa skoo, likifika siku 30 ndiyo linaandikwa, na likiandikwa linakaa miaka 7. Kuna mtu kaomba mkopo kwa jina lako? Kuna bili ya zamani imeuzwa kwa wakusanya madeni? Tukaingia annualcreditreport.com, hiyo ndiyo tovuti ya kuchukua ripoti zako bure kutoka kampuni zote 3 zinazotunza kumbukumbu za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion, na siku hizi unaweza kuchukua kila wiki. Akaogopa kwanza, "nikiangalia si itashuka zaidi?" Hapana. Ukijiangalia mwenyewe haihesabiwi hata kidogo, inayohesabiwa ni pale mkopeshaji anapoangalia kwa sababu umeomba mkopo, na hata hiyo kwa FICO, mfumo wa skoo unaotumika zaidi, inapunguza pointi chache tu na ikishapita mwaka haiguswi tena.

Ripoti zilikuwa safi. Hakuna ucheleweshaji, hakuna jina geni, hakuna ombi. Lakini tukaweka ya Experian na ya TransUnion pembeni kwa pembeni, na hapo ndipo kisa kilipofunguka.

Kwenye Experian mkopo wa gari ulikuwa umeandikwa umefungwa, umelipwa wote, balansi 0. Kwenye TransUnion bado uko wazi, unadaiwa 1,460, kama vile hela ya tarehe 10 haijawahi kutoka. Na kadi A kwenye ripoti zote mbili bado inasoma 4,100! Ile 2,000 aliyolipa haikuwepo popote. Sasa ile 649 ilitoka apu ya Experian, ambayo inatoa FICO 8. Apu yake nyingine ya bure, ambayo inasoma TransUnion kwa mfumo wa VantageScore 3.0, ilikuwa haijatikisika, bado inasema 676. Mifumo ni tofauti kwa hiyo huwezi kulinganisha namba kwa namba, lakini mwelekeo unakuambia kitu: pale ambapo mkopo wa gari umefungwa skoo imeshuka, pale ambapo bado uko wazi haijashuka. Mwizi karibu tumemshika.

Kwanza hili la kadi kutoonekana. Kampuni ya kadi haipeleki taarifa kila ukilipa. Inapeleka mara moja kwa mwezi, kwa kawaida pale stetimenti, yaani hesabu ya mwezi, inapofunga, na kinachopelekwa ni balansi ya siku ile. Kadi A stetimenti yake inafunga tarehe 4. Tarehe 4 mwezi wa 3 ilipofunga alikuwa anadaiwa 4,100, ikapelekwa 4,100. Alivyolipa tarehe 10, picha ilishapigwa. Ni sawa na picha ya paspoti, ukipigwa kabla hujachana nywele ndiyo hiyo hiyo utatembea nayo mpaka upige nyingine, hata kama umetoka studio ukaenda moja kwa moja saluni. Na watu wengi wanachanganya tarehe ya kufunga na tarehe ya mwisho kulipa. Hizi ni mbili. Sheria inataka upewe siku 21 angalau kati ya stetimenti na mwisho wa kulipa, kwa hiyo unaweza kuwa unalipa kila mwezi kwa wakati, hata yote, riba 0, na bado ripoti inakuonyesha unadaiwa, kwa sababu picha inapigwa kabla ya wewe kulipa.

Kwa hiyo kati ya tarehe 31 mwezi wa 3, siku mkopeshaji wa gari alipopeleka taarifa, na tarehe 4 mwezi wa 4, shemeji alikuwa kwenye kipindi kibaya kabisa: gari limefungwa limeshaandikwa, kadi iliyolipwa haijaandikwa. Amepata hasara bila faida. Kwa siku chache tu.

Sasa kwa nini kumaliza gari iwe hasara? Hapa ndipo watu wanarusha mikono juu, na mimi siwalaumu. FICO inajigawa hivi: historia ya kulipa 35%, kiasi unachodaiwa 30%, umri wa akaunti zako 15%, mikopo mipya 10%, na mchanganyiko wa aina za mikopo 10%. Watu wengi wakifunga mkopo wa gari wanaambiwa "umepoteza mchanganyiko" wanaishia hapo, lakini sio mchanganyiko peke yake. Kwenye ile 30% ya kiasi unachodaiwa kuna kipengele kinaangalia mikopo ya marejesho iliyo wazi, ile ya kulipa kidogo kidogo kila mwezi mpaka iishe kama ya gari, umebakiza kiasi gani ukilinganisha na ulichokopa mwanzo. Yeye alikopa 18,000 amebakiza 1,460, ni 8% tu. Hiyo ni sura nzuri mno, mtu aliyebakisha 8% ya mkopo na hajawahi kuchelewa ni mtu anayetabirika. Siku anapomaliza, hashukuriwi kwa kumaliza, ule mkopo unatoka kwenye hesabu ya mikopo iliyo wazi, na yeye hakuwa na mkopo mwingine wa marejesho. Amebaki na kadi peke yake, tena kadi zilizojaa 60%.

Skoo haipimi kama wewe ni mtu mzuri wala kama una hela. Mshahara wako hauujui kabisa, hela yako benki haiijui. Inajibu swali moja: watu ambao ripoti zao zinafanana na hii ya leo, wangapi wanakuja kushindwa kulipa kwa siku 90 au zaidi ndani ya miaka 2 ijayo. Basi. Mtu mwenye mkopo ulio wazi anaoulipa vizuri, takwimu zinamwona salama kidogo kuliko asiyekuwa nao.

Nilimwambia subiri mpaka tarehe 7 au 8. "Shem nimesubiri mwezi mzima!" Wiki moja tu. Tarehe 7 ikaingia skrinshoti nyingine, safari hii mchana: 681. Kadi A imepigwa picha mpya, inadaiwa 2,150 (ile 2,100 pamoja na riba na vitu vidogo), ni 43% ya limiti badala ya 82%. Kadi B 1,900. Jumla 4,050 kwenye 10,000, 40.5%. Kwa hiyo ukitoa 19 ukaongeza 32, ametoka 668 amefika 681. Dada yangu akasema mlikuwa mnapiga kelele za nini sasa.

Lakini kabla ya kwenda mbele nina langu la kusema, na shemeji nilishamwambia usoni kwa hiyo sio siri. Kumaliza gari hakukuwa uamuzi mzuri, na sio kwa sababu ya skoo. Chukua 1,460. Kwenye gari, kwa riba ya 6%, ilikuwa inamlia kama dola 7 kwa mwezi. Kiasi hichohicho kwenye kadi A, kwa 27%, kinamlia karibu dola 33 kwa mwezi. Angeipeleka kadi, kadi A ingeshuka mpaka kama 690, 14% ya limiti, na gari lingeisha lenyewe mwezi wa 8 maana yalibaki marejesho 5. Yeye alikuwa na hoja yake, anataka kununua nyumba, akawaza hili rejesho la 305 wataniuliza. Hoja ya maana kabisa, ila kwenye mikopo ya nyumba inayofuata taratibu za Fannie Mae, kampuni kubwa inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, mkopo wa marejesho uliobakiza miezi 10 au pungufu mara nyingi hawauhesabu kwenye madeni yako ya kila mwezi. Lilikuwa halimzuii. Alilipa kwanza deni lisilomuuma akaliacha linalomuuma, na ukimuuliza kwa nini, anasema gari naliona kila siku nje, kadi siioni. Namuelewa, hata mimi ningetaka lile gari liwe langu.

Mwezi wa 5 ndiyo ilinichosha mimi mwenyewe.

Ameendelea kulipa vizuri, mwezi wa 4 kaongeza tena, picha ya tarehe 4 mwezi wa 5 inaonyesha kadi A 2,020, kadi B 1,850. Anadaiwa 3,870, kiasi kidogo kuliko wakati wowote ndani ya miaka miwili. Skoo: 658. Imeshuka 23 kutoka 681. Safari hii hakuandika meseji, alipiga, na hakusalimia.

Nikamwambia fungua ripoti, soma kadi A, usisome balansi, soma limiti. Kimya. Halafu: "2,500?"

Limiti ilikuwa 5,000. Kampuni ya kadi, siitaji, imeikata nusu. Na walimwandikia barua, wanatakiwa kumjulisha, ila ilikuja kwenye bahasha inayofanana na zile za matangazo ya "umeshakubaliwa" akaitupa kwenye kikapu na wenzake. Tukaitafuta, ikapatikana, sababu waliyoandika: balansi kubwa ukilinganisha na limiti. Yaani wamemwona ana balansi kubwa kwa limiti, wakapunguza limiti, sasa balansi ni kubwa zaidi kwa limiti. Hesabu yake hii hapa: kadi A 2,020 kwenye 2,500 ni 81%, wakati mwezi uliopita ilikuwa 43%. Jumla ya limiti zote imetoka 10,000 imekuwa 7,500, kwa hiyo 3,870 ni 51.6%, wakati mwezi uliopita 4,050 ilikuwa 40.5%. Amelipa 180, asilimia imepanda 11. Kule dawatini tulikuwa tukiona hii mara kwa mara, mtu analipa na limiti inamfuata nyuma inashuka naye kama kivuli, kampuni inapunguza hatari yake na mtu anabeba matokeo kwenye skoo. Ni halali. Kuipenda ni jambo lingine.

Alipiga simu kuomba wairudishe, akakataliwa kwa adabu. Na hapo ndipo alipotaka kufanya kosa ambalo lingemgharimu kweli, maana hasira ilishapanda, akasema nafunga kadi zote, nabaki na B tu mpaka niimalize, hata hiyo C ya nini iko droo haina kazi. Nikamwambia shem, chukua kalamu. Ukifunga C, balansi zako hazibadiliki hata senti, 3,870, lakini limiti inakuwa 5,500. Gawanya. Ni 70%. Kutoka 51 mpaka 70 kwa kufunga kadi ambayo huidai wala haikudai. Na A yenye balansi ukiifunga deni linabaki, na limiti inaweza kuondoka.

Umri wa kadi nao watu wanautia chumvi. Wanasema ukifunga kadi ya zamani historia yako inafutika siku hiyohiyo. Kwa FICO sivyo, akaunti iliyofungwa ikiwa safi inakaa kwenye ripoti mpaka miaka 10 hivi na inaendelea kuhesabiwa umri. VantageScore ndiyo inaweza kuziacha baadhi ya zilizofungwa. Kwa hiyo hatari ya kufunga C siku ile ilikuwa limiti, umri ungekuja kuuma baadaye sana.

Akaiacha droo. Ila nikamwambia itoe kidogo, kadi isiyotumika kabisa kampuni inaweza kuifunga yenyewe, na kwa bahati aliyokuwa nayo mwaka ule ingefungwa wiki hiyohiyo. Akaweka bili ya simu, dola 22 kwa mwezi, inajilipa yenyewe kutoka benki.

Miezi iliyofuata haina hadithi, ni ovataimu. Alichukua shifti za Jumamosi, kila kilichozidi kikaenda kadi A, kwa sababu ndiyo yenye riba kubwa na ndiyo iliyokuwa imejaa, kwa mara ya kwanza hesabu ya riba na hesabu ya skoo zilikuwa zinasema kitu kimoja. Tulibadilisha kitu kidogo tu: rejesho la tarehe 28 anayoizoea liliendelea kama kawaida, ila hela ya ziada haikusubiri tarehe 28 inayofuata, akawa anailipa tarehe 1 au 2, kabla picha ya tarehe 4 haijapigwa, na kuhakikisha hela imeshaingia. Deni ni lilelile, ila linaandikwa likiwa limepungua tayari. Picha ya mwezi wa 7 kadi A ikasoma 0, kadi B 1,700, kwenye 7,500 ni kama 23%. Skoo 701. Na hapa kuna jambo zuri la FICO 8 ambalo halisemwi sana, kwenye matumizi ya limiti haina kumbukumbu, ile 81% ya mwezi wa 5 imepotea kabisa, haibebi kinyongo, inaangalia ripoti ya leo. Mifumo mipya kama FICO 10T na VantageScore 4.0 inaangalia nyuma mpaka miezi 24 kuona deni linapanda au linashuka, na kwa mtu kama shemeji hiyo ni faida, mstari wake unashuka tu.

Kuna watu watakuambia usivuke 30%. Hakuna ukuta kwenye 30, ukiwa 29 hupewi zawadi na ukiwa 31 huanguki shimoni. Kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo bora, basi, na inaangaliwa kwa jumla na kwa kila kadi peke yake, ndiyo maana kadi moja iliyojaa inakuangusha hata kama nyingine ziko tupu.

Mwezi wa 10 akamaliza kadi B. Akanitumia picha ya sufuria la pilau, bila maneno. Skoo ilikuwa 731.

Mwezi wa 11: 718.

Nakumbuka alivyoandika, "sasa nimewaudhi nini, sidaiwi hata shilingi". Na kweli hadaiwi, ndiyo lilikuwa tatizo! Ile bili ya simu kwenye kadi C yeye kwa bidii zake alikuwa ameanza kuilipa siku hiyohiyo inapoingia, kwa hiyo picha ilipopigwa kadi zote 3 zikasoma 0. FICO ikiona kadi zote ziko 0 inasoma kama vile hakuna kadi inayotumika hivi karibuni, inakosa ushahidi, inakata pointi kadhaa. Hapa sikuwa na wasiwasi hata kidogo na nilimwambia hata asihangaike, ni kushuka kwa juujuu tu, hakuna mkopeshaji unayemwomba kitu mwezi huu. Lakini yeye nyumba ilikuwa kichwani. Basi acha dola 22 zipigwe picha kwanza, stetimenti ikishafunga zilipe zote, riba hulipi. Mwezi wa 12 ikasoma 735. Kwa dola 22.

Kuna kitu watu wanakosea hapa, wanadhani inabidi uache balansi ikae ulipe riba ndiyo skoo ijengeke. Riba haiandikwi kwenye ripoti, FICO haijui kama umelipa riba ya 1,000 au 0. Kinachoandikwa ni balansi ya siku ya picha na kama umelipa kwa wakati. Ukiacha balansi mwezi mzima kwa ajili ya skoo unamchangia mwenye kadi tu.

Mwezi wa 1 mwaka huu akaenda kwa mkopeshaji wa nyumba. Nilikuwa nimeshamuandaa kwamba ile 735 ya kwenye simu hatoiona kule, maana kwa miaka mingi mikopo ya nyumba imetumia matoleo ya zamani ya FICO, la 2 kwa Experian, la 5 kwa Equifax, la 4 kwa TransUnion, na kila moja lina tabia yake. Zikatoka 699, 712 na 726. Wanachukua ya katikati, hawachukui nzuri wala wastani, kwa hiyo yeye ni 712. Alinuna kidogo, halafu akakumbuka mwezi wa 5 alikuwa 658 akanyamaza. Pamoja na namba wanampa karatasi yenye sababu zilizozuia skoo isiwe juu zaidi, na mtu hata akiwa na 800 ataandikiwa sababu, sio tuhuma. Ya kwanza ilikuwa umri wa akaunti zake. Ya pili ilisema hakuna taarifa za karibuni za mkopo wa marejesho.

"Si ndiyo lile gari?"

Ndiyo lile gari.

Akaniuliza je akope kidogo, dola 1,000 hivi, aweke mkopo mmoja wa marejesho upande wa pili, ipande kabla hajasaini. Nikamwambia ukiomba sasa hivi mkopeshaji wa nyumba anaona ombi jipya na deni jipya katikati ya maombi yake, atakuandikia barua ujieleze, na mkopo mpya uliobakiza karibu 100% hauna ile sura ya 8% uliyoiacha. Na nyumba yenyewe ni mkopo wa marejesho, ukipata unao, kwa miaka 30.

Akacheka. Halafu akauliza, kwa hiyo lile gari ndiyo basi, nililipa miaka yote ile bure? Nikamwambia fungua ripoti, shuka chini kule kwenye akaunti zilizofungwa. Akasoma kwa sauti, taratibu, mwezi kwa mwezi: kwa wakati, kwa wakati, kwa wakati. Akauliza inakaa mpaka lini pale. Miaka kama 10, nikamwambia. Akaendelea kusoma.